Mng'ao wa Kwasari Katika Umri wa Ulimwengu: Zilizopungua, Zilizofifia na Zilizotuponyoka

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa fizikia na wanafunzi wa uzamili

1. Utangulizi



Waandaaji wameniomba nieleze jinsi mng'ao wa kwasari ulivyobadilika tangu ulimwengu ukiwa mchanga mpaka leo. Jibu lenyewe halichukui muda. Kwasari zilishamiri takriban miaka bilioni 10 hadi 11 iliyopita. Kabla ya hapo zilikuwa zikiongezeka, baada ya hapo zimekuwa zikififia na kupungua, na leo kwasari kali kwelikweli ni kitu adimu katika ujirani wetu. Ningeweza kukaa chini sasa hivi.

Sikai, kwa sababu jibu hilo limezoeleka mno. Wanafunzi wetu huliandika katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu, kisha hupakua orodha ya kwasari, huchora mchoro, mchoro hupanda na kushuka, nao huhitimisha kwamba wamelithibitisha. Mara nyingi hawajathibitisha kitu. Wamechora historia ya darubini, si historia ya kwasari. Sehemu kubwa ya mada hii inahusu tofauti kati ya mambo hayo mawili, na naomba radhi mapema kwa wale waliokuja kusikiliza habari za mashimo meusi.

Niseme pia, kama ilivyo desturi, kwamba yaliyomo humu ni maoni yangu, si msimamo wa idara wala wa chuo.

2. Fasili, kwa haraka

Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi lenye masi ya mamilioni hadi mabilioni ya Jua linameza gesi. Gesi huzunguka kabla ya kuingia, husuguana, hupata joto kali na kung'aa kiasi cha kuishinda galaksi nzima inayoizunguka.

Mng'ao halisi ni nishati inayotoka kwenye kwasari kila sekunde. Mwanga unaotufikia ni kile kidogo kinachoangukia kioo cha darubini. Mhamo wa wekundu, ambao kuanzia hapa nitauita mhamo tu, ni kipimo cha jinsi mawimbi ya mwanga yalivyorefushwa njiani na kutanuka kwa ulimwengu. Mwanga wenye mhamo wa 1 uliondoka takriban miaka bilioni 7.8 iliyopita, wenye mhamo wa 2, zaidi ya bilioni 10, na wenye mhamo wa 6 uliondoka ulimwengu ukiwa bado haujatimiza miaka bilioni 1.

Mgawanyo wa mng'ao ni hesabu ya kwasari zilizomo katika kila ujazo wa ulimwengu, ngazi kwa ngazi ya mng'ao, katika umri fulani. Ukiuchora, unapata mstari wenye kona. Kwasari hafifu ni nyingi na mstari unashuka taratibu. Ukifika kwenye kona, unaporomoka, kwa kuwa kwasari kali zaidi ni chache sana. Kona hiyo tutaihitaji baadaye. Mengine yamo vitabuni.

3. Tulifikaje hapa

Mwaka 1963 Maarten Schmidt, akitumia darubini ya mita 5 ya Palomar huko California, alitambua kwamba mistari isiyoeleweka katika spektra ya 3C 273 ilikuwa mistari ya kawaida ya haidrojeni iliyosogezwa kwa mhamo wa 0.158. Mahali pa kitu hicho palikuwa pamebainishwa kwa usahihi mwaka 1962 kwa darubini ya redio ya Parkes, Australia, Mwezi ulipopita mbele yake. Kitu kilichofanana na nyota, ambacho hata darubini ya kawaida ya mpenzi wa anga hukiona, kikawa kiko umbali ambao mwanga husafiri miaka takriban bilioni 2.

Mwaka 1968 Schmidt huyohuyo aliuliza kama kwasari zimekuwa sawa nyakati zote. Njia yake ni rahisi na naomba kila mwanafunzi aijue kwa moyo. Kwa kila kwasari, piga hesabu ya ujazo wa ulimwengu ulio kati yetu na yenyewe. Kisha piga ujazo wa juu kabisa ambamo kwasari hiyohiyo ingeendelea kuonekana kabla ya kuanguka chini ya kikomo cha orodha. Gawanya wa kwanza kwa wa pili. Kama kwasari zimetawanyika sawasawa tangu zamani, wastani wa uwiano huo ni 0.5. Schmidt, kwa kwasari za orodha ya tatu ya redio ya Cambridge, alipata karibu 0.7. Zilikuwa zimesongamana upande wa mbali, yaani upande wa kale.

Hapa naomba tutulie kidogo. Kipimo cha kwanza kabisa cha mabadiliko ya kwasari kilikuwa na kikomo cha orodha ndani ya hesabu yenyewe. Schmidt hakukiweka kwenye kiambatisho, wala hakukiacha kwa mtafiti atakayekuja. Bila kikomo, hakuna ujazo wa juu. Bila ujazo wa juu, hakuna uwiano. Tunachokiona leo katika tasnifu zetu ni kurudi nyuma ya mwaka 1968.

4. Zimepungua au zimefifia?

Baada ya kujua kwamba zamani hazikuwa kama sasa, likaja swali gumu zaidi. Simama usiku wa giza juu ya kilima cha Capri Point, Mwanza, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani na taa zao. Ukiona taa chache kuliko msimu uliopita, huwezi kusema papo hapo kwamba mitumbwi imepungua. Huenda mitumbwi ni ileile, ila taa zimefifia, na za mbali zimepotea machoni. Anayehesabu taa kali peke yake hatajua kamwe ni lipi kati ya hayo mawili. Lazima azione na za kawaida.

Kwasari ndivyo zilivyo. Ikiwa mgawanyo wa mng'ao ni mstari ulionyooka, ukiuteremsha kwa sababu idadi imepungua au ukiusukuma kando kwa sababu mng'ao umefifia, unapata mchoro uleule. Ni kona tu inayotofautisha. Guy Mathez, nchini Ufaransa, alipendekeza mwaka 1976 kwamba kilichobadilika ni mng'ao. Lakini ilibidi kusubiri hadi mwaka 1988, ambapo Boyle, Shanks na Peterson, wakiwa na spektra za darubini ya Anglo-Australia, walifika chini vya kutosha kuiona kona na kuonyesha kwamba inasogea. Baadaye kifaa cha nyuzi 400 kwenye darubini hiyohiyo kilizaa orodha ya kwasari zaidi ya 23,000, na hali ikawa wazi: kati ya mhamo wa 2 na leo, mng'ao wa kwasari iliyo kwenye kona umeshuka takriban mara 30 hadi 40.

Angalizo, kwa sababu kosa hili linarudi kila mwaka: hakuna kwasari moja iliyowaka miaka bilioni 10 ikififia polepole. Muda ambao kiini kimoja hung'aa kama kwasari hukadiriwa kwa mamilioni hadi mamia ya mamilioni ya miaka. Kilichofifia ni jamii nzima, kizazi baada ya kizazi. Sentensi kama "kwasari zimezeeka" isipite bila kuhojiwa.

Nyuma ya mhamo wa 2 na nusu hivi, mambo yanageuka. Patrick Osmer aliripoti mwaka 1982 kwamba kwasari zinakosekana pale zilipotarajiwa, zaidi ya mhamo wa 3.5. Schmidt, Schneider na Gunn walithibitisha mporomoko huo mwaka 1995, na upimaji wa anga wa Sloan, kuanzia kazi ya Xiaohui Fan na wenzake mwaka 2001, ukaupa tarakimu: kati ya mhamo wa 3 na 5, kila mhamo unapoongezeka kwa 1, idadi ya kwasari kali inapungua takriban mara 3. Zaidi ya 5 inaporomoka kwa kasi zaidi. Hata hivyo zipo. Kwasari J0313–1806, iliyotangazwa mwaka 2021, ina mhamo wa 7.64, na shimo lake jeusi lilikuwa na zaidi ya masi bilioni 1 za Jua ulimwengu ukiwa na miaka kama milioni 670 tu. Lilipataje kukua haraka hivyo ni mada ya mtu mwingine.

Eksirei ziliongeza jambo ambalo mwanga wa kawaida haukuwa umeliona vizuri. Kazi ya Ueda na wenzake ya mwaka 2003, na ya Hasinger, Miyaji na Schmidt ya mwaka 2005, ilionyesha kwamba viini hafifu vilifikia kilele chao baadaye, chini ya mhamo wa 1, ilhali vikali vilifikia kilele karibu na mhamo wa 2. Kwa hiyo hakuna kilele kimoja. Anayeuliza kwasari zilishamiri lini aseme kwanza ni kwasari za ngazi gani. Sababu inayotajwa zaidi ni gesi: galaksi kubwa zilimaliza ya kwao mapema, ndogo zikaendelea kupata kidogo kidogo. Kuzaliwa kwa nyota nako kulifikia kilele karibu na mhamo wa 2, kwa hiyo uhusiano upo, ingawa namna gesi inavyoshuka kutoka galaksi nzima hadi kwenye shimo jeusi bado inabishaniwa.

Nikiwa kwenye eksirei, nikumbushe jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havilitaji. Chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, na 3C 273 ni mojawapo ya vitu vilivyomo katika orodha yake. Roketi iliondoka kwenye maji yetu. Data zilisomwa kwingine. Leo data ziko wazi kwa kila mtu, na bado zinasomwa kwingine. Nitalirudia hili.

5. Tatizo lenyewe: zilizotuponyoka

Naingia sasa kwenye jambo lililonitesa kwa miaka mingi. Orodha ya kwasari si sensa. Ni matokeo ya maamuzi: kioo cha ukubwa gani, kichujio gani cha rangi, muda gani wa kufungua kamera, na nani aliamua kwamba nukta hii inastahili kupigwa spektra na ile ni nyota tu iachwe. Kila uamuzi unatupa kitu. Kazi ya mgawanyo wa mng'ao, tisa kwa kumi, ni kukadiria kilichotupwa.

Nianze na kikomo cha mwanga. Chora mng'ao halisi dhidi ya mhamo kwa orodha yoyote, nukta zitapanda kulia kwa uzuri unaoshawishi. Sehemu kubwa ya uzuri huo ni mstari wa chini tu: kwasari hafifu za mbali hazionekani, basi. Nimesoma rasimu zinazopitisha mstari wa wastani katikati ya nukta hizo na kuuita sheria ya mabadiliko. Tena kuna orodha zenye vikomo viwili. Katika uteuzi wa awali wa Sloan, kwasari zilizotafutwa kwa wingi wa urujuanimno ziliishia mag. 19.1 (kipimo cha mwanga ambacho namba kubwa ni hafifu zaidi), na zile za mhamo mkubwa ziliishia 20.2. Tofauti ya 1.1 ni karibu mara 3 ya mwanga. Ukijumlisha bila kujua, unapata nundu kwenye mhamo wa 3 hivi. Nundu hiyo nimewahi kuiona ikiitwa "kilele cha pili" katika rasimu iliyokuwa imekwisha kupitishwa na wasomaji wawili.

La pili ni rangi, na hapa ndipo penye kejeli. Njia ya zamani na iliyozaa matunda zaidi ni kutafuta nukta zenye urujuanimno mwingi kuliko nyota. Inafanya kazi vizuri hadi mhamo wa 2.2. Hapo mstari mkubwa wa haidrojeni, ambao kwa asili una urefu wa nanomita 121.6, unakuwa umesogea hadi karibu nanomita 389 na kuanza kutoka kwenye kichujio cha kwanza. Nyuma yake, haidrojeni iliyo njiani inakula mwanga. Kwasari inapoteza alama yake. Ikifika mhamo wa 2.7 hivi, rangi zake katika vichujio vya Sloan zinalingana na za nyota za kawaida za galaksi yetu, na nyota ni nyingi mno kuliko kwasari. Hali inajirudia karibu na 3.5. Yaani upofu wa njia yetu umekaa palepale tunapodai kwamba historia ya kwasari inageuka. Kilele kinakaribia mhamo wa 2 na nusu. Shimo la uteuzi nalo linafunguka hapo. Mtu asiyesahihisha kwa shimo hilo atapata kilele hata kama kilele hakipo.

Sisemi kwamba kilele hakipo. Kipo, na kimethibitishwa kwa njia zisizotegemea rangi: redio, eksirei, na kubadilikabadilika kwa mwanga. Kwasari hutikisika kwa mwanga wake mwezi hadi mwezi na mwaka hadi mwaka. Nyota nyingi hazitikisiki hivyo. Katika ukanda mmoja wa anga, wenye takriban digrii 300 za mraba, ambao Sloan iliupiga picha mara kwa mara, watafiti wa mradi wa BOSS wa Sloan walitumia mtikisiko huo kuteua kwasari kati ya mhamo wa 2 na 4. Matokeo ya Ross na wenzake, na ya Palanque-Delabrouille na wenzake, yote ya mwaka 2013, yanaeleza mpito huo vizuri kuliko chochote kilichotangulia. Wanafunzi wasome hasa kurasa za ukamilifu, yaani sehemu ya kwasari zilizopo ambayo kanuni ya uteuzi inaikamata, kurasa ambazo najua hurukwa.

Kuna mfano ninaoupenda wa nidhamu. Toleo la tatu la data za Sloan lilikuwa na orodha ya kwasari 46,420. Gordon Richards na wenzake walipoandika mgawanyo wa mng'ao mwaka 2006, walitumia 15,343. Theluthi mbili waliziweka kando, si kwa sababu hazikuwa kwasari, bali kwa sababu haikujulikana ziliteuliwa kwa kanuni gani moja. Na orodha zilizofuata, ikiwemo ile ya toleo la saba yenye kwasari 105,783, zinaonya waziwazi kwamba orodha nzima si sampuli ya kitakwimu. Onyo limeandikwa na wenye orodha wenyewe. Toleo la kumi na sita lina kwasari 750,414, na ndilo wanafunzi wetu wanalolipenda zaidi, kwa kuwa tarakimu inapendeza kwenye ikisiri.

Upande wa kwasari kali za karibu nao si salama. Uchunguzi wa Palomar wa Schmidt na Green, uliochapishwa mwaka 1983, ulipata kwasari angavu 114 katika zaidi ya digrii 10,000 za mraba, na kwa miaka mingi ulikuwa ndio msingi wa upande huo. Mwaka 1992 Goldschmidt na wenzake, katika uchunguzi wa Edinburgh, waliona kwamba kwasari angavu ni takriban mara 3 ya hizo. Kama karibu zimehesabiwa pungufu, mporomoko kutoka zamani hadi leo unaonekana mkali kuliko ulivyo. Halafu kuna vumbi, linalozifanya kwasari kuwa nyekundu na kuzitoa kwenye kanuni za urujuanimno. Na kuna galaksi mwenyeji, ambayo kwa kwasari hafifu za karibu huonekana kama doa lenye upana, na programu iliyoagizwa kutafuta nukta tupu inaliacha.

Kingine ni kubadilisha vipimo. Kazi moja inatoa mng'ao kwenye bluu, nyingine kwenye nanomita 145, nyingine kwenye kichujio cha Sloan kilichosogezwa hadi mhamo wa 2. Kila ubadilishaji unadhania umbo la spektra. Kuziweka safu tatu kwenye jedwali moja na kuzijumlisha ni kosa, hata kama programu ya jedwali haikulalamika. Kulkarni, Worseck na Hennawi, mwaka 2019, walikusanya zaidi ya kwasari 80,000 kutoka tafiti nyingi, wakazirudisha kwenye ulimwengu mmoja, spektra moja na mfumo mmoja wa vipimo. Hata baada ya kazi hiyo yote walikiri kwamba data zina makosa ya kimfumo ambayo bado hayajaingizwa katika kanuni za uteuzi. Waliweka programu na data zao wazi. Ni zawadi kwa vyuo kama vyetu, na haitumiki.

Jambo la mwisho la kiufundi ni visanduku. Kisanduku cha mhamo na mng'ao kikikatwa na mstari wa kikomo, ujazo wake si ule wa kisanduku kizima. Page na Carrera walieleza mwaka 2000 jinsi njia ya kawaida inavyopotosha hapo na jinsi ya kurekebisha. Marekebisho ni mistari michache ya programu.

Na msidhani hadithi imefungwa. Tangu mwaka 2022, darubini ya James Webb imekuwa ikionyesha nukta ndogo nyekundu nyingi katika ulimwengu mchanga, nyingi mno kuliko mtu angetarajia kwa kuurefusha mstari wa kwasari za zamani upande wa hafifu. Ni viini vyenye mashimo meusi, au sehemu yake ni nyota? Mjadala unaendelea. Ikiwa ni mashimo meusi, basi tumekuwa tukichora upande wa hafifu tukiwa na orodha zilizokosa aina nzima ya vitu.

6. Hali yetu

Sitaki kulaumu. Tuna wanafunzi wenye uwezo na walimu wenye nia. Umeme unakatika, vifurushi vya intaneti vinaisha, hayo tunayajua. Lakini kikwazo kikubwa si umeme. Kazi ya ukamilifu haithaminiwi. Mwanafunzi mmoja alileta pendekezo la tasnifu la kutengeneza kwasari bandia kwenye kompyuta, kuzipitisha kwenye kanuni ya rangi, na kupima ngapi zinapona kwa kila mhamo. Kamati iliyolisoma, ambayo sitaitaja, ilijibu kwamba pendekezo "halina ugunduzi" na ikamshauri atumie orodha kubwa zaidi. Aliitumia. Alihitimu. Mchoro wake una nundu.

Tunalipia jambo hili. Tasnifu zetu haziwezi kuwa makala, kwa kuwa mhakiki yeyote wa jarida huuliza swali la kwanza: ukamilifu uko wapi? Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika maandalizi ya mradi wa darubini ya redio ya SKA, na vijana wa ukanda huu wanapata mafunzo ya redio. Watarudi na ujuzi wa kuhesabu vyanzo. Tutawapa nini cha kuhesabu, na kwa kanuni ipi?

7. Mapendekezo

Naomba semina izingatie haya, na yale yanayojirudia yajirudie.

7.1 Kila tasnifu inayohusu idadi au mng'ao wa kwasari itaje, kabla ya mchoro wa kwanza, kikomo cha mwanga, eneo la anga kwa digrii za mraba, na kanuni ya uteuzi. Asiyeweza kuvitaja vitatu hivyo kwa orodha yake, abadili orodha.

7.2 Orodha za mkusanyiko, zilizojumlishwa kutoka vyanzo vingi, zisitumike kwa mgawanyo wa mng'ao. Zitumike kutafuta kitu kimojakimoja, kazi ambayo zinaifanya vizuri.

7.3 Kazi ya ukamilifu itambuliwe kuwa utafiti kamili wa uzamili. Inahitaji kompyuta ya mkononi, subira na Python. Haihitaji kusafiri.

7.4 Wanafunzi wafundishwe kuuliza maswali kwenye seva za Sloan kwa lugha ya SQL na kupakua safu wanazozihitaji tu. Kupakua orodha nzima kwa kifurushi cha mwanafunzi ni ukatili. Programu ya TOPCAT, ambayo ni bure, inafanya kazi bila intaneti baada ya kusakinishwa.

7.5 Jaribio la Schmidt la mwaka 1968 liwe zoezi la lazima la muhula wa kwanza. Linafanyika kwa jedwali dogo, na mwanafunzi akishalifanya hatasahau tena kikomo.

7.6 Mng'ao usibadilishwe kutoka kipimo kimoja hadi kingine bila kuandika umbo la spektra lililodhaniwa. Nimelisema katika sehemu ya 5.

7.7 Matokeo yoyote kati ya mhamo wa 2.2 na 3.5 yaliyotokana na rangi peke yake yaambatane na ulinganisho na njia nyingine: mtikisiko, redio, eksirei au infraredi. Hapa nasisitiza kwa kuwa ndipo kilele kilipo, na ndipo upofu ulipo.

7.8 Idara iandae nakala ya data na programu za Kulkarni na wenzake kwenye kompyuta ya maabara, pamoja na maelezo ya Kiswahili. Nusu ya maelezo hayo ninayo tayari na nitayatoa.

7.9 Walimu wa shule wapewe ukurasa mmoja kuhusu Uhuru ya mwaka 1970. Hili halihusu ukamilifu. Ni haki tu.

7.10 Kituo cha Vera Rubin nchini Chile kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na kitaipiga anga ya kusini mara kwa mara kwa miaka 10. Mtikisiko wa mwanga, ambao hapo awali ulipatikana kwenye ukanda mwembamba, utapatikana karibu anga yote ya kusini, ambayo sisi tunaiona vizuri. Vijana waanze sasa kutengeneza kwasari bandia zinazotikisika, ili data zikija wawe tayari wanajua zipi wangezikosa.

7.11 Kazi ya ukamilifu itambuliwe kuwa utafiti kamili. Nimeliandika katika 7.3 na nalirudia kwa kuwa liliwahi kuahirishwa "kwa mashauriano zaidi". Naomba safari hii liingizwe kwenye kumbukumbu za kikao likiwa na jina la mtu wa kulifuatilia na tarehe ya kulileta mbele ya bodi ya masomo ya juu.